Shingo ya Mama Jacklyne

Hakuna aliyejua kwamba Naliaka alikuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, kwa maana ugonjwa ulimjia kama baraka. Alikuwa msusi katika Kenyatta Market, mwanamke wa Bungoma aliyejaa mwili, mwenye kicheko cha kuvuka vibanda. Mwanzoni mwa mwaka 2004 vidole vyake vilipata kasi ambayo havikuwa nayo. Rasta nyembamba ambazo wenzake walizianza asubuhi wakazimaliza jua likitua, yeye alizimaliza alasiri, akamkung'uta mteja mabega na kumwita mwingine.

Njambi, mwenzake waliyegawana naye kibanda, alimtazama kwa wivu wa kirafiki.

"Mama Jackie, kwani unakula nini? Niambie na mimi ninunue."

"Nakula kila kitu," Naliaka alimjibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Saa nne alikula githeri, saa sita akaagiza chapati na maharagwe, na jioni akifika nyumbani Kabiria alimaliza ugali wake akaanza kuutazama wa mumewe. Usingizi ulimpungukia pia, lakini hakuuombolezea. Majirani walipoamka walikuta nguo zake zimekwisha kuanikwa.

Hata hivyo, sketi zilianza kumteleza kiunoni. Mwanzoni wanawake walimsifu na kumwomba siri. Kisha ukaja mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ikashuka, watu wakavaa sweta juu ya sweta, na Naliaka akawa anatokwa na jasho kama mtu aliyesimama juu ya jiko la nyama choma. Alifungua mlango wa kibanda. Njambi akaufunga. Akaufungua tena.

"Unataka tufe na nimonia?" Njambi akauliza.

"Na wewe unataka nichemke humu ndani?"

Waligombana kwa sababu ya mlango huo mpaka wateja wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu Naliaka alitupa kichana ukutani kikavunjika vipande viwili. Hakuwa mtu wa kutupa vitu. Alikiokota, akaomba radhi, na alipokishika aliona mkono wake ukitetemeka.

Mtetemeko ule haukuondoka. Msusi hutenga nywele kwa ncha ya kichana, mstari ulionyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na mistari ya Naliaka ikaanza kwenda ilikotaka. Mteja mmoja, mfanyakazi wa benki kule Upper Hill, alijiangalia kwenye kioo kimoja huku cha pili kikishikwa nyuma yake.

"Hii laini inaenda wapi? Ni kama barabara ya Kabiria, kona tupu!"

Naliaka alizifumua zote akaanza upya, moyo ukimpiga kifuani kana kwamba amekimbia kutoka mjini. Mara ya pili mistari ilitoka vilevile. Yule mwanamke akasimama, akafunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa nusu, akahamia kiti cha Njambi.

Miaka hiyo watu walikuwa na jibu moja tu kwa yeyote aliyekonda. Hawakulitaja. Walisema "ako na kale kadudu," wakainua kidole kimoja. Wateja walioketi kwenye kiti cha Naliaka walikumbuka ghafla kwamba wana haraka. Muuza githeri akaanza kumpakulia kwenye sahani ya plastiki yenye ufa, na sahani ile ikawa yake, haipewi mtu mwingine. Naliaka aliiona ikiwekwa kando baada ya kuoshwa. Alikula kwayo kwa hasira.

Aliwahi kwenda kliniki, tena zaidi ya moja. Katika kliniki ya Kawangware kila aliyeingia alitoka na taifodi, na yeye hakuwa tofauti. Alimeza dawa mpaka ulimi ukawa mchungu. Tumbo lake lililokuwa likimwendesha mara kwa mara likazidi kumwendesha. Kliniki ya pili ilisema ni vidonda vya tumbo. Ya tatu ilimpima mapigo ya moyo, ikashangaa, ikampima tena, kisha daktari kijana akaweka kalamu mezani.

"Una mambo yanayokusumbua nyumbani? Punguza mawazo, mama."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano zote. Alitoka pale akitembea kwa kasi kuelekea Dagoretti Corner huku akiongea peke yake. Mawazo gani apunguze? Yeye alikuja na mwili, si na mawazo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe, Sifuna, alikuwa fundi wa viti kando ya Ngong Road, mtu wa maneno machache aliyezoea kuongea na mbao. Kwa miezi kadhaa alikuwa amehamia kulala kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, akidai kwamba Naliaka anatupa blanketi chini. Hilo lilikuwa kweli, lakini Naliaka alijua kuna jambo lingine. Alisubiri amwulize. Sifuna hakuuliza. Alikula, akamwuliza binti yao Jacklyne habari za shule, akaenda kwenye kochi lake. Naliaka akawa anamfokea kwa ajili ya vumbi la mbao kwenye mifuko ya suruali, kwa ajili ya viatu mlangoni, kwa ajili ya kukohoa kwake. Kila alipofoka alijisikia vibaya, na kila alipojisikia vibaya alifoka zaidi.

Siku moja alimwambia Njambi anaenda mjini kununua nywele. Hakwenda kununua nywele. Alipanda ngazi za jengo moja karibu na River Road, mahali ambapo hakuna aliyemjua, palipokuwa na kituo cha kupima virusi vya Ukimwi. Aliketi kwenye benchi, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mlango wa chumba cha ushauri ukafunguliwa, na akatoka Sifuna.

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na pa kujificha.

"Mama Jacklyne."

"Baba Jacklyne. Si ulisema unaenda Gikomba kutafuta mbao?"

"Na wewe si uko kazini?"

"Kumbe ndiyo maana ulihamia kwa kochi!" Naliaka akasimama. "Miezi yote hiyo! Badala uniulize, unakuja huku kujificha kama mwizi!"

"Na wewe umekuja kufanya nini hapa, kusuka?"

Mshauri, msichana aitwaye Lornah, alitoka akiwaomba washushe sauti kwa sababu wengine walikuwa wanasikia. Wengine, kwa kweli, walikuwa wameacha hata kujifanya wanasoma mabango ukutani. Lornah akamwingiza Naliaka, akamtoboa kidole, akampa majibu baada ya muda mfupi. Hakuwa na virusi. Sifuna naye hakuwa navyo. Ilikuwa mara yake ya tatu kupimwa.

"Sasa wananijua mpaka jina," alisema kwa aibu alipoitwa ndani aketi na mkewe.

Naliaka alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio ambacho hakukitarajia. "Kama si hiyo, ni nini basi? Mimi ni mifupa inayotembea. Mnanipima, mnanirudisha. Ni nini?"

Lornah hakujifanya kujua. "Mimi hapa napima kitu kimoja tu, mama. Lakini ugonjwa kama huu usiuulize kwa kemisti. Nenda kwa daktari mkubwa, tena leo, mkiwa wawili."

Ndivyo walivyofika kwa Daktari Anjali. Kliniki yake ilikuwa ghorofani karibu na Biashara Street, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye Kiswahili cha Nairobi kisicho na breki. Naliaka alikuwa bado mlangoni alipoulizwa swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kumwuliza.

"Hii macho yako, imekuwa hivi siku zote?"

"Macho gani?"

"Leta kitambulisho."

Daktari aliishika kadi ile karibu na uso wa Naliaka, akamwonyesha Sifuna. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na macho yaliyotulia chini ya kope. Naliaka aliyesimama pale alikuwa na macho yaliyotoka, meupe yakionekana juu na chini, kama ya mtu aliyeitwa ghafla gizani. Sifuna alitazama picha, akamtazama mkewe. Alilala nyumba moja naye na hakuwa ameona.

Daktari akamwambia Naliaka anyooshe mikono mbele, akalaza karatasi juu ya vidole vyake, karatasi ikatetemeka kama jani. Kisha akampa glasi ya maji.

"Kunywa polepole, nikiangalia shingo."

Naliaka akameza. Chini ya koo, uvimbe mpana na laini ukapanda na kushuka pamoja na maji. Aliweza kuuona kwenye kioo kidogo alichopewa. Alikuwa amedhani ni mishipa ya shingo inayoonekana kwa sababu ya kukonda.

"Hapo kuna tezi inaitwa thairoidi," Daktari Anjali alisema. "Kila mtu ako nayo. Imekaa mbele ya koo, mbawa moja huku, nyingine huku, kama kipepeo. Kazi yake ni kuambia mwili uende na speed gani. Unajua stovu ya mafuta? Ukipandisha utambi, moto unaruka. Sasa yako utambi umepanda na kishikio kimekwama. Ndiyo unachoma chakula chote, unasikia joto, moyo inakimbia, mikono inatetemeka, hata hasira."

"Hata hasira?" Sifuna aliuliza haraka.

"Hata hasira."

"Wewe nyamaza," Naliaka akamwambia mumewe, kisha akamgeukia daktari. Sauti yake ilikuwa ikipanda. "Miezi yote hii nimevaa hii shingo mbele ya madaktari! Wamepima mkojo, wamepima choo, wamenidunga. Wameniambia nipunguze mawazo. Na kitu chenyewe kimekaa hapa nje, kama mkufu!"

"Ungeudhika hata zaidi ukijua ni wangapi wanakuja hapa na hadithi kama yako," daktari alisema. Hakuwatetea wenzake.

Damu ilipimwa, majibu yakathibitisha. Naliaka alipewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kupunguza mbio za moyo, akaonywa kwamba safari ni ya mwaka mmoja na nusu, na kwamba asiache dawa bila kuambiwa. Kabla ya wiki nyingi kupita, jasho lilikauka. Mikono ikatulia. Mwili ukarudi mapajani na mashavuni. Sifuna akarudi kitandani bila kutoa hotuba. Wateja nao wakarudi mmoja mmoja, wakimwambia kwamba walikuwa wakimwombea. Yule wa benki alikuja pia. Naliaka alimsuka vizuri sana, nywele zikavutika mpaka nyusi zikainuka.

Laiti mambo yangeishia hapo. Desemba alienda Bungoma kwa Krismasi akasahau vidonge Kabiria. Siku zikapita na hakufa. Akarudi mwezi wa kwanza akiwa amenona, anajisikia mzima, na dawa akaziacha kwenye kabati, kwa sababu aliona dawa ni ya mgonjwa. Kufikia mvua za masika moyo ulikuwa ukidunda tena na uvimbe wa shingo ulikuwa umekua mpaka kola za blauzi hazifungiki.

Daktari Anjali alipomwona alivua miwani.

"Nilijua utanigombeza," Naliaka alisema.

"Nikikugombeza itapona?" Akaeleza kwamba sasa, kwa ukubwa ule, ingekuwa afadhali tezi iondolewe kwa kisu. Angemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Hapo ndipo Naliaka alipojifunza uvumilivu asioutaka. Ilibidi kwanza atulizwe kwa vidonge, maana tezi iliyochachamaa haikatwi. Alipokuwa tayari, hospitali haikuwa tayari. Mara ya kwanza alifunga kula, akavalishwa gauni la kijani, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kisha akaambiwa mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji imeharibika. Mara ya pili basi lilikuwa limepinduka na majeruhi wamejaa chumba cha upasuaji. Hakuweza kuwalaumu majeruhi, na hilo lilimwudhi zaidi, kukosa hata mtu wa kulaumu. Alirudi nyumbani na njaa yake na mfuko wake wa nguo. Majirani wakamwona akiingia, wakauliza kama tayari ameshapona.

Mara ya tatu walimkata. Alipozinduka alikuwa na bendeji shingoni na mdomo mkavu. Alijaribu kumwita Sifuna, ikatoka sauti ya mtu anayeburuta gunia. Alilia bila sauti. Daktari wa upasuaji alimwambia sauti itarudi, kwamba neva inayoiendesha hupita nyuma ya tezi na imesumbuliwa kidogo.

Siku iliyofuata midomo ilianza kumwasha, kisha ikafa ganzi. Vidole vikawa kama vinachomwa na sindano nyingi ndogo. Alimwita muuguzi kwa kupiga kikombe kwenye chuma cha kitanda.

"Ni wasiwasi tu, mama," muuguzi alisema, akiwa na wagonjwa wengine wa kukimbilia. "Umepitia mengi. Tulia. Punguza mawazo."

Alasiri Sifuna alipokuja kumwona, mikono ya Naliaka ilikuwa imejikaza. Vidole vimenyooka na kubanana, gumba limeingia kiganjani, kama mtu anayetaka kutia mkono ndani ya mtungi mwembamba. Alijaribu kuvifungua, havikufunguka. Alimwangalia mumewe, na kwa ile sauti ya gunia akasema, "Mikono yangu."

Sifuna, aliyekuwa mtu wa kuongea na mbao, alisimama katikati ya wodi akapaza sauti ambayo Naliaka hakuijua. "Daktari yuko wapi? Huyu ni msusi! Mkono unafunga na mnamwambia mawazo? Mawazo inakunja vidole? Sitoki hapa mpaka daktari afike!" Askari wa mlangoni akaja kumtoa. Sifuna akashika chuma cha kitanda kwa mikono yake ya useremala, na askari akaona ni heri amwite daktari.

Daktari alipofika alimgonga Naliaka kwa kidole mbele ya sikio, na upande ule wa mdomo ukaruka wenyewe. Hakuuliza zaidi. Dripu ikaletwa, dawa ikaingizwa polepole mshipani, na taratibu vidole vya Naliaka vikaachana, kimoja baada ya kingine. Sifuna alikuwa amevishika. Hakuviachia hata vilipokwisha kulegea.

"Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine nne," daktari alieleza, "ndogo kama punje za mchele. Hizo kazi yake ni tofauti, zinalinda kalsiamu, yale madini ya mifupa, yasipungue kwa damu. Ikipungua, misuli inakaza hivi. Tulijaribu kuziacha, lakini zimeguswa, zimezimia. Huenda zikaamka."

Naliaka alimtazama kwa macho yaliyokuwa bado makubwa. "Daktari, kuna nini kingine humu shingoni ambacho hamjaniambia? Niambieni vyote mara moja. Nimechoka kujulishwa kimoja kimoja, kila kikiharibika."

Daktari aliahidi tu kwamba atamwangalia kila asubuhi, na alitimiza.

Zile punje ziliamka, lakini kwa mwendo wa kobe. Sauti ilirudi baada ya miezi miwili, ikiwa nzito kidogo kuliko ya zamani, na kicheko chake hakikuvuka tena vibanda vingi. Macho yalirudi nyuma, ingawa si mpaka pale picha ya kitambulisho ilipoyaacha. Naye sasa, bila tezi, akaja kujua upande wa pili: alisikia baridi mwezi wa pili jua likiwaka, akanenepa bila kula, akasinzia huku kichwa cha mteja kimo mikononi. Daktari Anjali akampa kidonge cha kufanya kazi ya tezi, akapima damu, akaongeza dozi, akapima tena, mpaka mwili ukapata mwendo wake.

Naliaka alirudi Kenyatta Market. Wateja waliozoea kasi ya mwaka 2004 walilalamika kwamba siku hizi anachelewa. "Hiyo mbio ilikuwa ugonjwa," aliwajibu. "Ukitaka mstari ulionyooka, keti. Ukitaka mbio, nenda uwanja wa Nyayo." Wengine waliketi. Wengine walihamia kibanda cha jirani, naye aliwatazama wakienda, na moyo ukamwuma kama siku zote. Muuza githeri alimletea sahani nzuri ya udongo. Naliaka akairudisha, akawa anabeba chakula kutoka nyumbani.

Lililomsumbua zaidi mwisho wa yote lilikuwa dogo. Kile kidonge cha kuchukua nafasi ya tezi kinataka tumbo tupu kila asubuhi ya maisha yake, na baada yake asubiri nusu saa nzima kabla ya kuonja chochote, hata chai. Vidonge vya kalsiamu alivyotoka navyo hospitali navyo havitaki kukutana nacho, lazima visubiri mpaka mchana. Kwa mwanamke wa Bungoma, kukaa asubuhi bila chai ya maziwa ni adhabu. Na Sifuna, ambaye hakuwa na tezi yoyote yenye matatizo, alikunywa yake pale pale mezani, akiivuta kwa sauti.

"Baba Jacklyne," alimwambia asubuhi moja, saa ya ukutani ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuhesabu. "Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni moto. Chai moto inavutwa."

"Ivutie nje."

Sifuna alichukua kikombe chake akatoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Baada ya muda sauti ya kuvuta ikasikika tena, mara hii kwa adabu kidogo. Naliaka aliitazama saa ile, akailaani, akaendelea kusubiri.